Nani Alikula Firigisi?

Sogea karibu, wewe uliyenunua vifaranga juzi ukawaweka nyuma ya nyumba, nawe unayefikiria kununua. Weka simu chini kidogo. Leo nataka kukufundisha kushuku. Sikwambii uwachukie watu. Wengi niliowashuku tulimaliza tukinywa chai pamoja. Nataka ushuku maji yaliyo kwenye sufuria, viatu vilivyo mlangoni, gunia lililofungwa vizuri, na jibu linalotoka haraka mno. Miaka yote niliyoingia katika nyua za watu, kuanzia mlimani Nsambya hadi kule chini mfereji wa Nakivubo unakopita, mkoba wangu haukuwahi kubeba dawa iliyonisaidia kuliko shaka.

Nilizaliwa katika nyumba za polisi hapo Nsambya, ambako watu wa makabila yote walisikilizana kwa Kiswahili, ndiyo maana Kiswahili kwangu ni lugha ya jikoni. Vita vya themanini na sita vilipokwisha, watu walirudi, wakaezeka mabati upya, na baada ya muda mfupi nyuma ya kila nyumba kulikuwa na kuku. Kuku hadai shamba. Nikapata kazi ya msaidizi wa mifugo. Sikuwa daktari, lakini watu waliniita Musawo, neno la Kiganda la mganga, nami sikulikataa. Linafungua milango.

Aliyenifundisha ni mchanjaji mmoja, Mzee Ezra, mtu mrefu aliyevaa mabuti ya mpira hata jua likiwa kali. Alikuwa na mazoea mawili ambayo mwanzoni niliyaona kama uchizi. La kwanza, kabla ya kuingia kwenye uwanja wa mtu alisugua mabuti yake kwa brashi na maji ya sabuni, na akitoka alisugua tena. Watoto walimcheka. "Huyu mzee anakwenda kanisani kwa kuku," walisema. Yeye aliniambia, "Mama, mimi natoka banda hadi banda. Ugonjwa ukitaka usafiri wa bure, unapanda hapa," na kuonyesha nyayo zake.

La pili ni swali. Sikiliza vizuri, maana hili halimo kwenye vitabu nilivyosoma.

Mfugaji wa uani hatakwambia kuku wake wamekufa. Ukimwuliza, "Kuku wazima?" atakujibu, "Wazima kabisa, Musawo," na huku nyuma ya mlango kuna beseni la manyoya. Si kwamba ni mwongo. Kwake yeye kuku hajafa. Alianza kusinzia, kisu kikamwahi, akawa mchuzi. Na mchuzi hauhesabiwi kuwa kifo. Basi Ezra hakuuliza habari za vifo. Aliketi, akapokea maji, akasifu maua, kisha akauliza kwa sauti ya utani, "Wiki hii nani alikula firigisi?"

Unajua desturi yetu. Firigisi ni ya mwanamume wa nyumba, na kuku mmoja ana firigisi moja tu. Mtu anaweza kusahau alichokula Jumatatu, lakini hasahau aliyekula firigisi. Ukizihesabu firigisi, umehesabu kuku. Na ikiwa zimeliwa siku za kazi, hakuna mgeni, hakuna ubatizo, hakuna Krismasi, basi anza kushuku.

Mara ya kwanza kumsikia akiuliza ilikuwa katika nyumba za reli. Mke alikuwa ametuapia kwamba hajapoteza hata kuku mmoja. Mumewe akarudi kutoka kazini, Ezra akamgeukia. "Bwana, firigisi ya mwisho ulikula lini?"

"Firigisi?" Yule bwana alishangaa. "Sijaiona tangu Pasaka!"

Na shimo la taka lilikuwa limejaa manyoya. Tulisahau kuku siku hiyo, tukashinda tukisuluhisha ndoa.

Ezra alistaafu, akarudi kwao, akafa huko akiwa na kuku wengi wazima. Mimi nikabaki na swali lake. Na siku niliyolihitaji zaidi ilikuja wakati wa mafua ya ndege.

Nikueleze ugonjwa huo kidogo. Ndege wa porini, hasa wale wa majini, bata mwitu na ndugu zao, wanaweza kubeba virusi vyake tumboni na wasionekane kuumwa. Wanaviacha katika kinyesi na mate. Kuku wako akinywa maji hayo, au akidonoa penye kinyesi hicho, hana nguvu ya kupambana. Upanga wa kichwani unageuka zambarau, uso unavimba, anakohoa, anaharisha, au unamwacha mzima jioni na asubuhi unamkuta amelala chali. Unafanana sana na mdondo, ule unaofagia kuku wetu kila mwaka, ndiyo maana hata mimi, mwenye uzoefu wangu wote, siwezi kuutambua kwa macho. Maabara tu ndiyo inajua. Na tofauti na mdondo, huu unaweza kumwangusha mtu vibaya.

Mwaka huo ndege weupe walianza kufa kando ya ziwa. Redio ilitangaza, na mji mzima ukainua macho. Nani aliyekuwa juu? Kalooli, wale korongo wenye upara wanaosimama juu ya miti na kwenye majalala yetu kama mawakili waliokosa kesi. Watu waliwarushia mawe. Walifunga nyavu juu ya mabanda. Jirani yangu mmoja aliacha kuanika nguo. Nami, sitakuficha, nilikuwa nikitembea nikitazama juu kama wengine.

Ndipo Nnalongo akanipigia.

Nnalongo, yaani mama wa mapacha, alikuwa mjane mwenye nyumba ya vyumba vya kupangisha chini ya mlima wa Nsambya. Mwenyewe alikaa chumba cha mbele na pacha mmoja, Kato, mwanamume mzima mwenye bodaboda. Pacha mwingine alikuwa ameoa, akahama. Chumba cha mwisho, karibu na banda, alikaa Mama Furaha, mkimbizi kutoka Kongo, na watoto wake. Nnalongo alikuwa na kuku wake nyuma ya jiko; Mama Furaha alifuga kuku wa mayai, na mayai aliwapelekea wauza chapati wa Wandegeya, wale wanaowapikia wanafunzi wa chuo kikuu.

"Musawo, njoo uone kuku wa huyu Mkongo," Nnalongo aliniambia kwenye simu. "Wanakufa. Ameleta ugonjwa kwangu. Nimemwambia Jumapili isimkute hapa."

Nikaenda. Nilisugua mabuti langoni. Nnalongo alinipokea amevaa gomesi yake, lile vazi refu la akina mama wa Kiganda, mikono kiunoni, akaanza hata kabla sijamsalimia.

"Tangu aje yeye, uwanja huu hauna amani. Leo yai bovu, kesho kuku amekufa. Huko kwao kila siku magonjwa."

"Mama, nikamwone kwanza," nikasema.

Mama Furaha alikuwa ameketi juu ya kopo lililopinduliwa. Kuku wawili waliokufa, wa kwanza Jumapili, alikuwa amewafunga ndani ya mfuko wa plastiki, akaweka jiwe juu. Hakuwa amewapika. Hilo nililiona mapema, na nililitia moyoni.

"Musawo, miye nilifanya yote redio ilisema," akaniambia. "Yote. Angalia mwenyewe. Kama banifukuza, batoto nitawalaza wapi?"

Nikaangalia. Vijana wangu, sijawahi kuona banda la uani lililotunzwa namna ile. Wavu wa matundu madogo pande zote, hata shomoro asingepita. Juu bati zima, kwa hiyo hata kalooli angejisaidia pale kutwa nzima, kisingeingia kitu. Mlangoni kulikuwa na kandambili za kuvaa ndani ya banda tu. Maji yalikuwa ya bomba, kwenye chombo chenye mfuniko. Hakuwa na bata, na hakuwa ameingiza kuku mgeni.

Basi umepitia wapi? Hapo ndipo mtu asiye na subira hurudi kwenye kalooli, au humlaumu Mkongo. Mimi nikakaa chini karibu yake. Jambo likikushinda, kaa chini. Uliza yale ya kawaida.

"Unawalisha nini?"

"Pumba na mukene."

Mukene ni dagaa wetu wa ziwani.

"Mukene unanunua wapi?"

"Kwa Nnalongo. Ye ananunua gunia, sisi wapangaji tunapimiwa na mkebe."

"Niletee mkebe wako."

Nikavaa glavu na kitambaa cha uso, nikaumimina juu ya kipande cha bati, taratibu. Kulikuwa na dagaa, mchanga, vipande vya konokono. Wengine walikuwa wameshikana kwa unyevu, wamevunda. Na katikati ya mchanga, nikaona manyoya madogo, laini, meupe. Kuku wa Mama Furaha wote walikuwa wa kahawia.

Shingo yangu, iliyokuwa imechoka kutazama juu, ikashuka.

Fikiri nami. Mukene wa kuliwa na watu siku hizi wengi hukaushwa juu ya vichanja. Wale wa kuku humwagwa chini, mchangani, kando ya maji. Nani anaishi kando ya maji? Yangeyange na ndege wote weupe wanakuja kula bure, wanatembea juu ya mukene, na wakishiba wanajisaidia papo hapo. Jua kali likiwaka siku nyingi linaua virusi vingi. Lakini msimu ule ulikuwa wa mvua. Mukene wanakusanywa wakiwa na unyevu, wanafungwa ndani ya gunia, wanapandishwa gari hadi mjini. Mama Furaha alikuwa amemfungia ndege wa porini nje kwa wavu mzuri kabisa, halafu akawa anapima alichoacha ndege yule kwa mkebe, asubuhi na jioni.

Nikanyanyuka, nikamrudia Nnalongo. "Mama, kuku wako pia wanakula gunia hili?"

"Wangu? Ndiyo. Wangu wazima kabisa, Musawo."

Jibu lilitoka haraka mno.

"Naomba niwaone."

"Wamelala."

Ilikuwa saa saba mchana. Mimi nimefanya kazi na kuku maisha yangu yote, na kuku anayelala saa saba mchana hajawahi kunipa habari njema. Ndipo pua yangu ikafanya kazi ambayo masikio yalikuwa yakiizuia. Kutoka jikoni kwa Nnalongo kulikuwa kunakuja harufu ya mchuzi wa kuku. Na siku ile ilikuwa Jumanne.

Pikipiki ikalia langoni, Kato akaingia kuja kula, kofia ngumu mkononi, na uso wa mtu anayependwa na mama yake.

"Kato, habari ya kazi?"

"Nzuri, Musawo. Umekuja na njaa? Karibu."

"Asante, mwanangu. Hebu niambie, mwanamume wa nyumba hii ni nani?"

"Si mimi?"

"Basi wiki hii nani alikula firigisi?"

Alicheka kwa kiburi. "Musawo, wiki hii nimekula firigisi mpaka nimechoka. Tangu Ijumaa, kila siku moja. Jana nilimwambia Mama, leo mpe mtu mwingine."

"Kato!" alisema Nnalongo.

"Nini, Mama? Si kweli?"

Mpangaji mmoja aliyekuwa akifua aliacha nguo ndani ya povu. Mama Furaha alinyanyua kichwa kwa mara ya kwanza. Tangu Ijumaa. Kuku wake yeye walianza kufa Jumapili.

Nnalongo aliketi kwenye ngazi. Gomesi ile yenye mabega yaliyosimama ilionekana kumzidi ukubwa ghafla.

"Banange," akasema. "Ningefanya nini? Redio inasema wakisikia wanakuja kuwaua wote. Na watu watasema ugonjwa umeanzia kwa Nnalongo. Nani atapanga hapa?"

"Kwa hiyo ukaona aonekane yeye," nikamwambia, bila kupandisha sauti.

Kato alikuwa amegeuka rangi. "Musawo, subiri. Mimi nimezila. Nitakufa?"

"Zilikuwa zimeiva?"

"Mama anapika mpaka mfupa unalainika."

"Basi moto umekusaidia. Mchuzi wenyewe siuogopi sana. Namwogopea aliyechinja, akanyonyoa, akatoa matumbo kwa mikono mitupu."

Sote tukatazama mikono ya Nnalongo. Naye akaitazama, akaiweka mbali na mwili kama vile ni ya mtu mwingine. Chini ya kucha bado kulikuwa na utelezi wa kazi ya asubuhi. Akataka kujifuta usoni kwa woga, nikamkemea, "Usiguse macho!"

Aliyesogea kwanza ni Mama Furaha. Aliingia chumbani kwake, chumba ambacho Jumapili kingekuwa si chake, akatoka na jagi, beseni na kipande cha sabuni. Akachuchumaa mbele ya ngazi.

"Leta mikono, Mama," akasema.

Akammiminia maji polepole, kama anavyomiminiwa mgeni kabla ya chakula. Nnalongo akaosha, akaosha tena. Mama Furaha akamwambia, "Na kucha." Akaosha na kucha.

Niliwapigia simu waganga wa mifugo wa serikali mbele yao wote, nisionekane nimesema kwa siri. Nilimweleza Nnalongo kwamba akipata homa au kifua siku zozote zijazo aende hospitali siku hiyo hiyo, na neno la kwanza atakalomwambia daktari liwe hili: nilinyonyoa kuku wagonjwa. Mchuzi wa siku ile ulimwagwa. Kato aliusindikiza kwa macho hadi shimoni.

Waganga walikuja wamevaa nguo nyeupe, wakachukua sampuli, wakafunga lango. Maabara ilisema ni mafua ya ndege. Kuku wote wa uwanja ule waliuawa wakazikwa, wa Nnalongo na wa Mama Furaha, hata waliokuwa bado wanataga. Sitakupamba. Mama Furaha alilia, nami nililia naye. Hakuna namna tamu ya kufanya kazi hiyo.

Siku ya kuzika, majirani walijaa langoni, na nilisikia maneno yaleyale niliyoyashuku tangu mwanzo. "Ni yule Mkongo." "Si nilisema?" "Atolewe."

Nnalongo akafungua nusu ya lango, akasimama katikati. "Gunia lilikuwa langu," akasema kwa sauti ya kufika barabarani. "Kuku wa kwanza kufa alikuwa wangu, na nilimpika. Huyu hakupika. Huyu hahami. Mwenye neno lingine aniambie mimi, mwenye nyumba." Akafunga lango.

Jumapili ikaja ikapita. Homa haikumpata Nnalongo, ingawa kila asubuhi Mama Furaha alikwenda kumshika paji la uso kama mtoto, na Nnalongo alilalamika kila asubuhi na hakukosa hata siku moja kuinamisha kichwa.

Je, ni kweli ugonjwa ulitoka kwenye gunia? Sijui. Gunia lilizikwa pamoja na kuku, na hakuna aliyelipima. Inawezekana ulikuja kwa kiatu cha mtu, au kwa njia ambayo sikuwaza kuiuliza. Bado nashuku gunia. Lakini nashuku pia shaka yangu mwenyewe, nawe ufanye hivyo. Ukishapata mkosaji mmoja, usiache kumtafuta wa pili.

Banda lilisafishwa kwa sabuni na dawa, likaachwa tupu juani hadi waganga waliporuhusu. Nilipopita tena, kulikuwa na vifaranga, na wanawake wawili wakigombana juu ya sufuria moja ya mukene.

"Bado, haijachemka," mmoja alisema.

"Nnyabo, imechemka, wewe huoni?"

"Povu si kuchemka, Mama. Ngojea."

Ugomvi huo ndio unaokuhusu. Kwa hiyo kabla hujawapa kuku wako mukene, fanya walivyofanya wao. Funika mdomo na pua, wamimine kwenye bati, tafuta manyoya, na ukiyaona uzike mukene wote, kisha unawe mikono kwa sabuni. Wakiwa safi, waoshe mchanga, uwachemshe mpaka maji yatokote, uwakaushe chini ya wavu ambao ndege hapenyi, na uwahifadhi kwenye chombo chenye mfuniko. Anza na gunia ulilonalo nyumbani sasa hivi.